MAONI: Bunia haina theluji, adui wa injini ni vumbi na mafuta yasiyo na jina

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 2, watu wa Bunia wenye ndugu Canada au Ulaya hupokea kwenye simu picha za magari yaliyofunikwa na theluji. Pamoja na picha huja ushauri: weka mafuta mepesi, 0W-20 au 5W-30, ili injini isiteseke asubuhi. Kwa mtu wa Montréal, ushauri huo ni wa kweli kabisa. Lakini mjini Bunia miezi hiyo hiyo ndiyo kiangazi. Barabara zinakauka, vumbi linapanda hadi kwenye vioo vya maduka ya Boulevard de Libération, na pikipiki zinapita na rangi moja, ile ya udongo.

Kwa hiyo swali la mafuta ya injini lipo Ituri, tena ni zito, ila siyo swali la baridi. Ni swali la nani anayachagua, nani anayalipia, na nani anahakikisha kwamba kilichomo ndani ya chupa ndicho kilichoandikwa juu yake.

Uzito wake unaonekana njiani. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya usalama mbaya. Mwezi wa 9 wa mwaka huo huo, hata msafara wa magari uliosindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa kwenye barabara ya Komanda kwenda Luna. Katika jimbo la namna hiyo, injini inayokwama porini siyo hasara ya pesa peke yake. Abiria wanashuka, mizigo inabaki, jua linazama, na kila mtu anasikiliza vichaka. Dereva anayetoka Bunia kwenda Mahagi au Komanda anajua kwamba chombo kizima ni sehemu ya usalama wake.

Kwanza, maana ya namba ieleweke, kwa sababu wengi wanazinunua bila kuambiwa zinasema nini. Herufi W inatoka kwenye neno la Kiingereza winter, yaani majira ya baridi. Namba inayoitangulia inaonyesha jinsi mafuta yanavyoendelea kutiririka kwenye baridi kali. Kwa kipimo cha kimataifa cha SAE, mafuta ya 5W yanajaribiwa kama yanaruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Ya 15W yanajaribiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri.

Bunia iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,270. Alfajiri watu huvaa makoti, na kwenye vilima vya Djugu na Mahagi baridi inauma zaidi. Hata hivyo, alfajiri ya kawaida mjini iko karibu na nyuzi 15 juu ya sifuri. Kati ya hiyo na baridi inayojaribiwa kwa mafuta ya 20W, ambayo ndiyo mazito zaidi kati ya hayo matatu, kuna tofauti ya nyuzi 30. Mwenye Toyota ya zamani anayelipa bei ya juu ili apate 0W kwa hofu ya baridi ya Bunia ananunua kinga ya ugonjwa usiokuwepo.

Namba ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa vizuri. Hiyo inaonyesha uzito wa mafuta injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Mafuta ya 30 ni mepesi, ya 40 ni mazito kidogo, ya 50 ni mazito zaidi. Lori la samaki linaloondoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert kwenye mwinuko wa karibu mita 620, linapanda mlima wa Bogoro likiwa limejaa, kwa gia ndogo, kwenye joto la mchana. Hapo ndipo mafuta yanapopimwa kweli. Yakiwa mepesi kuliko injini inavyotaka, utando unaotenganisha chuma na chuma unakuwa mwembamba mno, na vyuma vinaanza kulana.

Lakini hapo pia kuna kosa la upande wa pili, nalo limeenea kwenye garaji nyingi: imani kwamba mafuta yakiwa mazito zaidi ndiyo yanafaa zaidi kwa kila gari. Siyo kweli. Magari mengi yanayoingia kutoka Japani yana injini za karibuni, zenye nafasi ndogo kati ya vyuma na mifumo ya valvu inayoendeshwa na mafuta yenyewe, kama VVT-i ya Toyota. Injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 ikijazwa 20W-50, mafuta yanachelewa kufika juu kila asubuhi, na esansi inaliwa zaidi. Mara nyingi namba inayofaa imeandikwa kwenye kifuniko cha injini penye tundu la kujazia mafuta, hata kama kitabu cha gari kimepotea au kimeandikwa Kijapani. Kusoma kifuniko hicho hakugharimu hata faranga 1.

Kwa pikipiki, ambazo ndizo zinazobeba mji huu, jambo ni nyeti zaidi. Kwenye pikipiki nyingi za kazi, mafuta ya injini ndiyo hayo hayo yanayolowesha klachi na gia. Mafuta ya gari yaliyotengenezwa ili kupunguza msuguano na kuokoa esansi yanaweza kuifanya klachi iteleze: motari anaongeza gesi, injini inalia, pikipiki haipandi. Alama ya kutafuta kwenye chupa ni JASO MA, ambayo inahusu pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Ni herufi chache tu, lakini zinaweza kuokoa klachi nzima.

Halafu kuna vumbi, ambalo ndilo majira ya baridi ya Ituri. Chujio la hewa likiziba au likiondolewa ili injini "ipumue", mchanga mwembamba unaingia ndani na kuchanganyika na mafuta. Kuanzia hapo mafuta yanageuka msasa. Ndiyo maana muda wa kubadilisha mafuta ulioandikwa kwa barabara za lami za Japani haufai kufuatwa kwa upofu kwenye barabara ya Mahagi. Watengenezaji wenyewe huandika kwenye vitabu vyao kwamba penye vumbi, mizigo mizito na safari fupi fupi, mafuta na chujio vibadilishwe mapema zaidi. Wa Canada hujiandaa kabla ya theluji. Wa Bunia naye angejiandaa mwezi wa 11, kabla ya vumbi: chujio jipya la hewa, chujio jipya la mafuta, na mafuta mapya.

Yote hayo, lakini, yanakuwa bure kama mafuta yenyewe ni ya uongo. Kando ya barabara, karibu na meza za makadafi wanaouza esansi kwenye chupa, mafuta ya injini nayo huuzwa kwa kupimwa, kutoka pipa au bidoni isiyo na jina. Mnunuzi haoni namba ya SAE, haoni daraja la API, haoni hata jina la aliyeyatengeneza. Anaona rangi tu. Na rangi haisemi ukweli, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kutumika yakichujwa na kuchanganywa na mapya yanaweza kurudi kung'aa. Kilichokufa ndani yake, yaani dawa za kusafisha injini na kuzuia kutu, hakirudi kwa kuchujwa kwa kitambaa.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mzaha kwa maskini. Motari anayenunua nusu lita ya mafuta ya kupimwa hafanyi hivyo kwa ujinga. Ana versement ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni, ana watoto, na lita nzima iliyofungwa inamaliza faida yake ya siku. Hoja hiyo ni ya haki. Tena ndiyo inayoonyesha mahali lawama inapopaswa kwenda.

Pikipiki ni mali ya mwenye pikipiki. Injini ikifa, aliyepoteza mtaji ni yeye. Pale ambapo mapatano yanamwachia motari gharama ya mafuta ya injini, mwenye mali anamkabidhi mtu asiyemiliki chombo uamuzi unaohusu maisha ya chombo hicho, na anamwekea sababu zote za kuchagua cha bei ndogo. Hesabu hiyo ni mbovu. Mapatano ya busara yangemwachia motari esansi, na mafuta ya injini yangekuwa juu ya mwenye mali, yanunuliwe naye, yakiwa yamefungwa, kwa siku iliyopangwa. Pikipiki ndogo ya kazi huchukua karibu lita 1 tu. Ukiweka lita 1 hiyo upande mmoja na injini iliyofunguliwa kwa fundi upande mwingine, pamoja na siku zisizo na versement, hakuna tajiri atakayeona shida kuchagua. Vyama vya wamotari vinavyotetea wanachama wao polisi na kwenye vizuizi vina nguvu ya kulidai jambo hili pia.

Upande wa pili ni wa serikali. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ipo tangu 1974, na kazi yake ni kuthibitisha ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Mafuta mengi ya Bunia hupitia njia ya Uganda na kuingia kwa mipaka kama Mahagi na Aru. Lakini ukaguzi unaoishia mpakani haugusi pipa linalojazwa upya mjini. OCC ingechukua sampuli kwenye masoko ya Bunia, ikapima, na kutangaza matokeo redioni kwa Kiswahili, ili mnunuzi ajue. Kuwafukuza makadafi peke yake hakutasaidia, maana watarudi kesho yake. Mnunuzi akijua cha kuuliza, muuzaji naye atalazimika kubadilika.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna tendo dogo ambalo kila garaji inaweza kulifanya leo: kutoboa chupa tupu ya mafuta kabla ya kuitupa. Chupa nzima yenye jina la kiwanda ni mali kwa mtu anayetaka kuijaza uchafu na kuiuza tena. Iliyotobolewa haimfai.

Ndugu wa Montréal ataendelea kutuma picha za theluji, na hakuna ubaya kuzitazama. Ila abiria wa Bunia anayepanda gari kwenda Mahagi kesho asubuhi hatasumbuliwa na barafu. Kitakachoamua kama atafika kabla ya giza ni mafuta yaliyomo ndani ya ile injini, na mtu aliyeyachagua.