Kasongo–Kabambare: Breki laini si lazima iwe breki salama

Mwenye gari kuukuu katika barabara ya Kasongo–Kabambare anayetaka kufunga servo, kile kifaa cha kupunguza kazi ya mguu kwenye breki, aanze kwanza na magurudumu. Servo huongeza nguvu ya kukanyaga tu. Haizibi bomba linalovuja, wala haikaushi ngoma ya breki iliyoingia maji na matope baada ya kuvuka kijito.

Kuna hatari nyingine. Servo hufanya kazi kwa injini kunyonya hewa. Kwenye dizeli huhitaji pampu yake. Dereva anayezima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe, huku gari limejaa watu na mizigo.

Basi vibadilishwe kwanza viatu vya breki vilivyolika, mabomba na mafuta ya breki, ndipo servo ifungwe. Na mteremko ushukwe kwa gia ndogo, injini ikiwaka. Mafuta yanayookolewa hapo hayalipi uhai wa abiria hata mmoja.