Rangi Mpya, Misumari ya Zamani

Kila masuwa inapozama kwenye mto wetu, maneno mawili yanafika redioni kabla ya maiti kutolewa majini: mzigo kupita kiasi, na safari ya usiku. Si maneno ya uongo. Mwezi wa pili 2021, karibu na Longola Ekoti, jimbo la Mai-Ndombe, masuwa iliyobeba watu karibu 700 ilizama usiku, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mzigo na giza vilitajwa, na ilikuwa haki kuvitaja. Lakini ndugu wasomaji, angalieni maneno hayo yanamwangukia nani. Mzigo anaulizwa abiria aliyekubali kubanana, mama aliyepanda na magunia yake ya muhogo. Usiku anaulizwa dereva. Mwezi wa nne 2025, HB Kongolo ilipowaka moto karibu na Mbandaka na watu zaidi ya 140 wakafa, habari iliyozunguka nchi nzima ilikuwa ya mama aliyekuwa anapika. Nani aliyeipanga masuwa hivyo, hata abiria awashe moto juu ya mbao? Hilo halikuzunguka.

Mwenye masuwa anabaki nyumbani, jina lake halisemwi. Na kitu ambacho kingemgusa yeye peke yake hakisemwi pia: misumari.

Ndiyo, misumari. Na mabulo, na vyuma vinavyoshika usukani, na mahali moteri inapokaa. Najua kuna wenye masuwa hapa Kisangani ambao hawatafurahi nikisema juu ya vitu hivi. Wasifurahi.

Nenda kwenye libongo lolote maji yanapopungua, uone balenyeri za zamani zinavyotengenezwa mchangani. Kazi ya kwanza ni rangi. Bluu, nyekundu, jina jipya ubavuni, na neno la Mungu chini yake. Kisha spika za muziki. Chuma kinakuja mwisho, pesa zikiwa zimekwisha. Msumari wa zamani unang'olewa, unanyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe, unarudishwa katika tundu lile lile. Bulo iliyokatika, mahali pake panapigwa kipande cha chuma cha beto, kinapondwa ncha zote mbili. Usukani uliolegea unafungwa kwa waya. Halafu masuwa inasukumwa majini, imepambwa kama bibi arusi, na sisi tunakata tikiti.

Mbao zetu hazina neno. Lifaki na kambala zinaweza kukaa majini miaka mingi. Kinachokufa kwanza ni msumari wa chuma cha kawaida, na haufi peke yake. Kutu inavimba, inapanua tundu, na mbao inayouzunguka inageuka nyeusi na laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kwa nje unaona kichwa kizima, kimepakwa rangi. Ndani shingo imebaki nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Ukipiga msumari mpya katika tundu hilo, hata ungekuwa wa bei gani, unashika uji.

Fundi anayejua kazi anaziba tundu la zamani kwa kigingi cha mbao ngumu, kisha anatoboa jipya kando, penye mbao nzima. Anatumia msumari uliochovywa katika zinki, ule wa kijivu. Penye bulo anaweka bamba pana la chuma ndani na nje, ili nguvu isiangukie nukta moja. Mafundi wetu wazee wanayajua haya yote, wala hawakuyasoma kitabuni. Lakini fundi atafanya nini, ikiwa mwenye masuwa amemletea kilo mbili za misumari ya kupigia manjanja na kumwambia kesho asubuhi safari?

Mahali pabaya zaidi ni nyuma. Chukueni mitumbwi ya kuvukia Lubunga. Kati ya komune zetu sita, Lubunga peke yake iko ng'ambo ya kushoto, na daraja hakuna. Mwanafunzi, mgonjwa, mama muuza kwanga, wote wanapita majini. Mtumbwi uliochongwa kwa ajili ya kasia unafungiwa moteri juu ya ubao ambao haukuwazwa kamwe kwa kazi hiyo. Moteri inatetemeka kutoka asubuhi mpaka jioni. Bulo inalegea kidogo kidogo, tundu linakuwa refu, ubao unapasuka. Bamba hakuna. Hata mnyororo wa kuishika moteri isianguke majini hakuna. Siku itakayochomoka itachomoka katikati ya mkondo, mtumbwi ugeuke ubavu, na kesho yake tutasikia tena: mzigo kupita kiasi.

Wanaotetea mambo haya wanasema pesa hazipo. Pesa za spika zilipatikana. Wengine wanasema Mungu analinda. Mungu analinda, lakini sijasikia kwamba anapiga misumari. Na wapo viongozi wanaotaka masuwa zote za mbao zipigwe marufuku. Hao sijui wanakula nini. Toka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 za mto, na barabara zetu mnazijua. Ukiondoa balenyeri, bei ya chumvi na sabuni itamfuata mtu mpaka kitandani. Mbao si adui.

Tuseme sasa juu ya karatasi. Masuwa inapewa ruhusa, mtu amesimama ukingoni, amehesabu jile za kuokolea, amepokea franga zake, amepiga muhuri. Chini ya rangi hakuangalia. Stanley simsifu kwa mengine, lakini mashua yake Lady Alice, iliyopita maporomoko yetu Januari 1877, ilikuwa imebebwa mabegani kwa vipande tangu Bagamoyo na kufungwa tena ilipofika majini. Maana yake mkono wa mtu uligusa kila kiungo chake. Za kwetu leo zinaguswa na brashi tu.

Ninachotaka si kigeni. Kabla ya muhuri, masuwa ipandishwe mchangani, kavu. Mkaguzi mwenyewe, si mwenye masuwa, achague misumari mitano: miwili mbele, miwili katikati, mmoja karibu na moteri. Ing'olewe mbele ya watu. Shingo ikiwa imekonda, hakuna karatasi. Agonge mbao kwa nyundo ndogo, asikilize kama inalia au imenyamaza. Tarehe ya siku hiyo iandikwe ubavuni, kwa herufi kubwa kama zile za jina, ili mama aisome kabla ya kupandisha watoto.

Maji yakipungua nitapita libongo kwa libongo na mikrofoni yangu, na swali litakuwa moja kwa kila mwenye masuwa: misumari imebadilishwa lini, na iko wapi ile ya zamani? Anayetaka kujibu mapema, mlango wa redio anaujua.