Minyoo ya mbwa na macho ya mwanao

Huenda una mtoto wa mbwa ambaye watoto wako wanacheza naye uani. Hakuna ubaya. Lakini je, amepewa dawa ya minyoo?

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa wakiwa na mnyoo aitwaye Toxocara canis, waliyemtoa kwa mama yao. Mayai ya mnyoo huyo hutoka na kinyesi, na baada ya wiki mbili au zaidi udongoni huwa tayari kuambukiza. Mtoto akichezea mchanga huo kisha atie vidole kinywani, huyameza.

Yakianguliwa tumboni, viluwiluwi hutoboa utumbo na kusafiri katika damu hadi kwenye ini, mapafu na, mara nyingine, jicho. Kimoja tu kinatosha kuleta uvimbe ndani ya jicho na kuacha kovu katika retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea mwanga.

Kwa kawaida huumia jicho moja tu, na mara nyingi bila maumivu. Kwa kuwa lile lingine linaona vyema, mtoto hasemi kitu. Basi mpime mwenyewe. Mfunike jicho moja, mwulize anaona nini ng'ambo ya barabara, kisha ufunike la pili. Ukigundua tofauti, makengeza yaliyoanza karibuni, au weupe ndani ya mboni, mpeleke kwa daktari wa macho mara moja. Weupe huo unaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho.

Usikimbilie matone ya dukani. Daktari hutumia dawa za steroidi kupunguza uvimbe, na huenda akaongeza albendazoli ya kuua minyoo. Retina ikivutwa na kovu, upasuaji huhitajika. Hata hivyo, uwezo wa kuona uliokwisha kupotea huenda usirudi.

Kwa hivyo, anza na mbwa. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu dawa, ambayo huanza kutolewa mbwa akiwa na wiki mbili tu, naye mama yake apewe pia. Zoa kinyesi kila siku, kabla mayai hayajakomaa. Paka nao wana mnyoo wa jamii hiyo, kwa hivyo funika mchanga wa kuchezea. Aidha, watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.