Mbio za Duma na Kisigino cha Mkulima

Duma wa Serengeti hukimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa, ila kwa mamia machache ya mita tu. Mageuko yamempa uti wa mgongo unaokunjika na kukunjuka kama upinde, pamoja na kucha zisizofichika kikamilifu, ambazo huishika ardhi. Misuli yake mizito imekaa karibu na kiwiliwili. Huku chini zimebaki kano ndefu, ili mguu uwe mwepesi kuurusha mbele. Swala anayemkimbia ameumbwa kwa kanuni iyo hiyo.

Binadamu naye hakuachwa nje ya mkondo huo. Nyayo za Laetoli, zilizoanza kufukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, zaonyesha kwamba viumbe wa ukoo wa binadamu walitembea kwa miguu miwili takriban miaka milioni 3.66 iliyopita. Mbio ndefu zilikuja baadaye sana. Sokwe ana kano fupi mno kisiginoni. Mwanadamu anayo ndefu, inayotanuka mguu ukanyagapo na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo mguu uinukapo. Mkulima wa kahawa apandaye vilima vya Mbozi na mzigo kichwani huitegemea springi hiyo, ingawa hajapata kuiwaza.

Lakini kano hupata damu kidogo, na ikiumia hupona polepole. Ndiyo maana mazoea ya kununua siprofloksasini dukani kila tumbo linapovurugika yanastahili kukemewa. Dawa hiyo ni ya thamani. Hata hivyo, jamii yake huweza kudhoofisha kano hata ikakatika, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe katika daraja la juu kabisa. Hatari huzidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia prednisoloni.

Kwa hiyo mgonjwa afikaye Mbozi Mission, au zahanati yoyote, akilalamikia kisigino, aulizwe pia dawa alizomeza, si kuteguka peke yake. Kisha alale kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, na shavu la mguu libinywe: wayo usiposogea, yamkini kano imekatika. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme, hivyo hakina udhuru. Na maumivu yakianza dozi ingali ikiendelea, mgonjwa aache kuimeza na arudi kwa tabibu siku iyo hiyo, badala ya kwenda kuchuliwa kwa mafuta.