Kadi ya nauli ifike kwenye treni, lakini iwe moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nami nitoe machache juu ya ulipaji wa nauli kwa kadi janja katika jiji la Dar es Salaam. Maoni yangu ni kwamba kadi hiyo ipelekwe pia kwenye treni za mjini, kwa sharti kwamba iwe kadi moja kwa treni, mabasi ya mwendokasi na kivuko.

Wapo watakaouliza: mwalimu wa shule ya msingi huku vijijini Babati, mahali pasipo na reli, ana haja gani na treni za Dar es Salaam? Jibu ni jepesi. Shirika la Reli na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka ni vyombo vya umma. Mkulima wa mahindi na mbaazi wa hapa Babati huchangia kodi inayojenga reli hiyo hata kama hajawahi kuiona. Nauli ikipotea mlangoni, pengo lake huzibwa na fedha ambayo ingeweza kununua madawati. Tena, vijana wengi tunaowafundisha huishia huko kutafuta riziki. Hupanga vyumba pembeni mwa jiji, Pugu, Gongo la Mboto na Mbagala, ambako chumba ni nafuu lakini nauli ndiyo mzigo.

Tukumbushane tulikotoka. Treni za abiria wa mjini zilianza Oktoba 2012, Ndugu Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na wananchi wakaziita kwa jina lake. Moja ilipita reli ya kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na nyingine reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Mwaka 2016 ikaongezwa treni ya Pugu. Mwaka huo huo, mwezi Mei, mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi kati ya Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani. Huko kadi ziliuzwa mwanzoni, kisha abiria wakarudi kwenye vipande vya karatasi kwa muda mrefu. Baadaye abiria wa kivuko cha Magogoni na Kigamboni wakaletewa kadi ya N-Card. Mwaka 2024 ikaanza treni ya umeme ya SGR, ambayo tiketi yake mtu huweza kuikata kwa simu.

Hapo ndipo penye kasoro. Kila huduma imekuja na njia yake ya kupokea nauli, kana kwamba abiria ni watu tofauti. Tuchukue mfano wa fundi anayekaa Pugu na kufanya kazi Kigamboni. Hupanda treni, hushuka Kamata, hutembea hadi Gerezani, hupanda mwendokasi hadi Kivukoni, kisha kivuko. Hayo ni malipo matatu kwenda na matatu kurudi, na kila mahali kuna foleni yake na tatizo lake la chenji.

Sisi walimu tumezoea kupiga hesabu. Tuseme treni moja ina abiria 1,000, na karani hutumia sekunde 10 kumkatia kila mmoja tiketi na kumrudishia chenji. Hizo ni sekunde 10,000, yaani saa mbili na dakika 46 na ushei. Hata wakiwapo makarani watano, foleni itachukua zaidi ya nusu saa. Kwa kadi, mtu hugusa mashine na kupita.

Faida ya pili ni hesabu za shirika. Mashine huandika kila safari: saa, kituo na kiasi. Kiongozi wa reli ataweza kujua ni kituo gani hujaa saa kumi na mbili asubuhi, akaongeza mabehewa mahali panapostahili. Mapato nayo hayatategemea uaminifu wa mkono mmoja tu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukimaliza.

Faida ya tatu inanigusa mimi mwalimu. Ugomvi wa mwanafunzi na kondakta juu ya nauli ya mwanafunzi ni wa miaka mingi. Mtoto akiwa na kadi iliyosajiliwa kupitia shule yake, mashine itamkata nauli ya mwanafunzi bila kumwuliza sare wala kumtazama usoni.

Pamoja na faida hizo, treni si sawa na basi la mwendokasi. Kituo cha mwendokasi kimezungushiwa kuta na kina geti, lakini vituo vingi vya treni za mjini viko wazi, na mtu huweza kuingia kutoka upande wowote. Ufumbuzi upo. Mashine husimikwa kwenye nguzo kituoni, abiria hugusa anapopanda na anaposhuka, kisha wakaguzi hupita ndani ya behewa na mashine ndogo za mkononi. Kwa njia hiyo nauli huweza kukatwa kwa umbali, na anayesafiri vituo viwili hatalipa sawa na anayekwenda mwisho wa reli.

Wenzetu wamepitia njia hii, na yafaa tujifunze kwao. London ilianza kutumia kadi ya Oyster mwaka 2003, lakini kuipeleka kwenye treni za vitongojini zilizokuwa mikononi mwa makampuni mbalimbali kulichukua hadi Januari 2010. Ilibidi kwanza makampuni hayo yakubaliane juu ya nauli na mgawo wa mapato, na mashine zifungwe vituoni. Hong Kong walitangulia kukubaliana. Mwaka 1994 makampuni matano ya treni, mabasi na vivuko yaliungana kuunda kampuni moja ya kadi, na mwaka 1997 kadi yao ya Octopus ilipoanza, mtu aliweza kuitumia kwenye vyombo vyote hivyo.

Karibu nasi, jirani zetu wa Kenya waliagiza matatu ziache kupokea fedha taslimu kuanzia Julai 2014. Mpango ule haukufaulu. Zilitokea kadi nyingi ambazo hazikuelewana, hata BebaPay, iliyoletwa mwaka 2013 na Google pamoja na benki ya Equity, ikafungwa mwaka 2015. Dereva na utingo walikuwa wamezoea kupata ujira wao kutoka fedha ya siku ile ile, hivyo wakaiona kadi kama adui wa riziki yao. Kigali nako, serikali ilikwisha kugawa njia za jiji kwa makampuni matatu mwaka 2013, na kadi ya Tap&Go ilipokuja mwaka 2015 ilikuta nyumba imepangwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wahusika ni huu.

Kwanza, Shirika la Reli, TAZARA, Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka na wenye kivuko wakae meza moja, wakubaliane juu ya kadi moja na namna ya kugawana mapato, kabla ya kununua mashine. Mpango wa mwendokasi ni wa awamu sita. Bila mapatano hayo, kila awamu inaweza kuleta kadi yake.

Pili, kadi iuzwe kwa bei ambayo kabwela anaimudu, na salio liongezwe kwa wakala yeyote wa fedha za simu, hata kwa anayetumia simu ya kitochi.

Tatu, pawe na dirisha moja la fedha taslimu kila kituo. Mgeni aliyeshuka leo kutoka Babati, ambaye atapanda treni mara moja tu, asilazimishwe kununua kadi.

Nne, na hili nalisisitiza, kadi isimwache mtoto njiani. Mwanafunzi aliyekuta salio limekwisha saa moja jioni apelekwe nyumbani, deni likatwe siku ya pili. Octopus ya Hong Kong humruhusu mwenye salio dogo kumaliza safari moja, na deni hukatwa anapoongeza fedha. Kama mashine ya Hong Kong inaweza kumwamini abiria kwa safari moja, ya kwetu haiwezi kushindwa.

Tano, makarani wa tiketi wasitupwe. Wafundishwe ukaguzi, uuzaji wa kadi na kuwasaidia wazee, ili nao waione kadi kama kazi yao.

Kadi ni chombo tu. Treni ikichelewa au behewa likijaa hadi mlangoni, kadi haitamsaidia mtu. Lakini tukianza na mapatano, mvuja jasho wa Pugu atafika Kigamboni kwa kadi moja mfukoni, na mkulima wa Babati atakuwa na uhakika kwamba kodi yake haivuji.

Mwalimu wa Kijijini,
Babati, Manyara.