Je, Kucheza Uwanjani ni Kupoteza Wakati?

Wasomaji wetu, yako maneno yasemwayo vijijini mwetu ambayo hatuwezi kuyanyamazia tena. Husemwa ya kuwa mwalimu awatoaye watoto wadogo nje ya darasa, akawakimbiza uwanjani na kuwapimisha njia kwa hatua, ni mwalimu mvivu. Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akatuuliza mbele ya watu wote: "Waalimu, tumewaleta watoto hapa wasome, ama wacheze? Kucheza wangecheza nyumbani, bila kununuliwa sare wala madaftari." Watu wakacheka, wakampigia makofi. Siku ile tulikaa kimya, kwa kuwa yule ni mkubwa wetu kwa umri. Lakini kunyamaza si kukubali, na leo twamjibu kwa heshima.

Tulipata kumwuliza mtoto wa darasa la tatu, "Mita elfu moja ni nini?" Akajibu papo hapo, "Kilometa moja." Tukamwuliza tena, "Na kutoka hapa mpaka kisimani ni mita ngapi?" Akatazama nje kwa dirisha, akafikiri sana, akasema, "Tatu." Kisima kile kiko ng'ambo ya uwanja wa mpira, nyuma ya miembe, na mtoto yule huteka maji pale kila asubuhi. Miguu yake yaijua njia, kinywa chake chakijua kipimo, lakini viwili hivyo havijakutanishwa hata siku moja. Nani aliyepaswa kuvikutanisha, kama si sisi waalimu? Kwa hiyo lawama yetu ya kwanza ni juu yetu wenyewe, tuliotosheka na kuimbisha: milimeta kumi ni sentimeta moja, sentimeta mia ni mita moja, na wimbo ukiisha kengele ikalia.

Wazee wetu wa pwani hawakupima kwa wimbo. Walikuwa na shubiri, yaani mkono uliotandazwa toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shubiri mbili zikawa dhiraa, toka kisugudi mpaka ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili wari, na wari mbili pima, mikono yote miwili ikinyoshwa. Kipimo kilikuwa mwilini mwa mtu, wala hakikusahauliwa nyumbani. (Watoto wachezao gololi bado hupima kwa shubiri, tena hugombana juu yake kwa haki kuliko wafanya biashara wengi.)

Mwaka mmoja tulifunga kamba ya dhiraa kumi, tukawaambia watoto, "Haya, tuipime safina ya Nuhu." Dhiraa 300 ni kamba mara thelathini. Walianza nyuma ya goli moja kwa kelele nyingi. Walipofika goli la pili safina ilikuwa haijaisha. Ikatoka uwanjani, ikaingia katika shamba la mihogo la jirani, naye akatoka na jembe kutuuliza twataka nini. Habari ile watoto walikuwa wameisikia tangu utoto, lakini siku ile waligeuka, wakatazama walikotoka, wakanyamaza. Hilo si somo?

Wako wataalamu waliolichungua jambo hili. Jean Piaget wa Uswisi na wenziwe walieleza katika kitabu cha mwaka 1948 ya kuwa mtoto mdogo akiwekewa vitu viwili mbali mbali, kisha ubao ukasimamishwa katikati, aghalabu husema ya kuwa sasa vimekaribiana, ingawa havikusogezwa. Nasi tulijaribu kwa miembe miwili na mkeka, na wadogo wetu wakajibu vivyo hivyo. Tusingeweza kuwashinda kwa maneno. Tuliwaacha watembee, wahesabu hatua kabla ya kutundika mkeka na baada ya kuuondoa, mpaka wenyewe wakaanza kubishana. Mtoto mmoja alishika neno lake: njia ya kwenda kisimani ni fupi, ya kurudi ni ndefu, kwa sababu ya ndoo. Yeye hatukumsahihisha siku ile. Hata watu wazima hudhani hivyo.

Tena mwaka 1963, huko Marekani, Richard Held na Alan Hein walilea watoto wa paka gizani, wakawatoa kwenye mwanga wawili wawili kwa saa chache tu. Mmoja alitembea kwa miguu yake akizunguka. Mwenziwe alikaa ndani ya kikapu, akizungushwa na mwendo wa yule wa kwanza. Macho yao yaliona mambo yale yale. Lakini yule aliyetembea alijua kukwepa ukingo wenye shimo, na yule aliyebebwa hakujua, mpaka alipoachwa huru kukimbia. Mtoto si paka, twajua. Hata hivyo, tuwaonapo watoto wanne wamepakiwa juu ya pikipiki moja kuja shuleni, njia ambayo ndugu zao waliitembea, twakumbuka kile kikapu.

Wengine watasema, "Mtihani hauulizi hatua, huuliza mita." Ni kweli. Lakini mita yenyewe, tunayoifungia ndani ya daftari, ilitafutwa nje. Mwaka 1792 Wafaransa wawili, Delambre na Méchain, walianza kuipima nchi toka Dunkirk mpaka Barcelona, wakipanda minara ya makanisa na vilele vya milima kwa miaka sita na zaidi, ili mita iwe sehemu moja katika sehemu 10,000,000 za njia itokayo Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta. Mtoto ajuaye ya kuwa hatua zake mbili ni karibu mita moja hatauogopa mtihani. Ajuaye wimbo tu ataandika ya kuwa kisima kiko mita tatu.

Na liko jambo lililo kubwa kuliko mtihani. Barabara ya lami imepita katikati ya kijiji chetu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa nukta moja. Mtoto avukaye lami yenye upana wa mita saba huhitaji nukta sita hivi. Katika nukta hizo sita gari limekwisha kuja mita 130 na zaidi, karibu urefu wa safina ile iliyoingia mihogoni. Gari lililo mbali hivyo huonekana dogo, na mtoto hudhani ana nafasi. Hatusemi ya kuwa mtoto wa miaka sita avuke peke yake. La, na ashikwe mkono. Lakini iko siku mkono utaachiliwa.

Mzee wetu aliyetuuliza swali lile ana mjukuu darasa la kwanza, na nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Twamkaribisha Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado pole. Twaomba aje na kamba, maana yetu imekatika.