Kabla ya Samaki, Hesabu Maji



Miongoni mwa barua zilizofika mezani kwangu juma hili imo moja ya ndugu mmoja, mfanyakazi wa kiwandani, akaaye Temeke, Dar es Salaam. Anasema nyumba yake ina baraza ya saruji upande wa uani, na watoto wamemsihi awajengee bwawa dogo la samaki. Kuchimba hawezi, kwani uani pamepita bomba la maji machafu. Kwa hiyo amekusudia kuinua kuta za tofali juu ya baraza, urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Anauliza mambo mawili: anunue vifaranga wangapi, na itachukua muda gani hata jamaa yake iache kununua samaki sokoni.

Nitaanza na swali la pili, kwa maana ndilo linaloharibu mipango ya wengi. Jamaa yake haitaacha kununua samaki sokoni. Katika bwawa lisilo na mashine ya kupulizia hewa, kiasi kinachoshauriwa kwa kawaida ni perege wawili hadi watano kwa kila mita ya mraba. Bwawa la ndugu yetu ni mita 2 za mraba; basi wanne watakaa kwa raha, na kumi ndio mwisho. Perege anayelishwa vizuri huhitaji miezi sita hadi minane kufikia robo kilo. Samaki kumi kwa muda huo ni kitoweo cha siku mbili, tatu, katika nyumba yenye watu sita. Mwenye kutaka bwawa kwa ajili ya sufuria peke yake, fedha ya saruji na aiweke akiba. Lakini mwenye kutaka ubaridi wa uani jioni, na watoto waone kwa macho yao jinsi perege jike anavyobeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, huyo tuendelee naye.

Tuache samaki kwanza, tuhesabu maji. Bwawa la mita 2 kwa 1, likijazwa kina cha sentimita 75, huchukua lita 1,500. Hizo ni ndoo 75 za lita 20, na uzito wake ni tani moja na nusu, kabla hujapima tofali. Kila mita ya mraba ya baraza itabeba kilo 750 za maji. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 hivi za watu na samani kwa mita ya mraba. Nalisema hili kwa ajili ya wale wakaao ghorofani, ambao huenda wameanza kuitazama roshani yao. Tafadhali wasithubutu. Aliye chini naye asijione amepona: baraza nyingi ni zege jembamba lililomwagwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa vizuri. Gonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Ukisikia sauti ya uwazi, vunja sehemu hiyo, shindilia upya, na mwaga zege lenye nondo kabla ya kupanga tofali la kwanza.

Maji hayalemei chini tu, husukuma na kando. Ukuta ule wa mita 2 husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 560, mchana na usiku. Fundi akikuambia tofali za inchi 5 zinatosha, mwambie ni zile za inchi 6, pembe zake zisimamishwe nondo, na juu izungushwe lenta nyembamba. Koki ya kumwagia iwe chini kabisa, na bomba la kutolea maji yanayozidi liwe sentimita kumi chini ya ukingo, vinginevyo mvua ya kwanza ya masika itawamwaga samaki wako mchangani.

Lipu na niru zikikauka, usikimbilie vifaranga. Saruji mpya hutoa chokaa, na maji yake huwa makali kiasi cha kuunguza matamvua ya samaki. Sugua kuta kwa siki, jaza maji, yaache siku kadhaa, mwaga; rudia mara mbili au tatu. Maji hayo usiyamwage kwenye mchicha.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kitako na msomaji. Samaki hujisaidia katika maji yale yale anamovuta pumzi. Uchafu wake na chakula kilichobaki hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu kwake. Vipo vijidudu vyema vinavyoivunja sumu hiyo, lakini huchukua mwezi mzima au zaidi kuenea katika bwawa jipya. Ndiyo maana mwanzo uwe na samaki wawili au watatu, wengine wafuate baadaye. Hata vijidudu hivyo vikishaenea, bwawa lisilo na pampu wala chujio huhitaji kubadilishiwa kama sehemu moja ya tano ya maji yake kila juma. Kwa ndugu yetu, hiyo ni ndoo 15. Ongeza yale yanayokaushwa na jua la Dar es Salaam katika miezi ya kiangazi.

Ndoo hizo nani atazichota? Katika barua nzima yametajwa tofali, vifaranga na watoto. Mama wa nyumba hakutajwa hata mara moja. Nimeona mabwawa mawili, matatu ya namna hii mjini, na katika kila moja baba ndiye aliyejenga, watoto ndio waliofurahi, na mama au binti wa kazi ndiye aliyechota. Mtaa ambao bomba hutoa maji siku mbili kwa juma, au ambao maji hununuliwa kwa ndoo, bwawa hili litagombana na kufulia nguo. Basi kikao cha kwanza kiwe cha mume na mke, na kalamu iwepo. Kama hakuna mwenye kuahidi ndoo zake 15 bila kusukumwa, tofali zikajenge banda la kuku. Maji yanayotolewa, kwa upande mwingine, si ya kutupa: yana mbolea, na mchicha na matembele huyapenda mno.

Yapo pia maji yenyewe. Mwaka 2022, katika bwawa langu mwenyewe, nilirudi kazini nikiwa nimechoka nikaona kina kimepungua. Nikaingiza mpira wa bomba, nikafungua, nikaenda kula. Nilikumbuka kufunga baada ya taarifa ya habari. Asubuhi perege sita kati ya wanane walikuwa wamelala ubavu. Ilikuwa ni klorini, dawa itiwayo majini ili sisi tusiugue, nayo humuua samaki kwa kuunguza matamvua. Mwanangu wa miaka mitano aliniuliza kama niliwakasirikia. Tangu siku hiyo maji ya bomba hukaa kwanza katika pipa wazi kwa siku mbili, dawa iruke, ndipo huingia bwawani.

Lakini pipa hilo nalo lina hatari yake, ambayo wengi huibandika bwawani. Mbu aenezaye homa ya kidinga popo, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda kutaga katika vyombo vya maji yaliyotulia karibu na nyumba, na huuma mchana. Bwawani viluwiluwi vyake huliwa na perege. Katika pipa havina adui. Funika pipa kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa mpira. Hewa itapita, mbu hatapita.

Mahali pa bwawa pawe penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwani maji yakipata moto hewa hupungua ndani yake. Ukiwaona samaki alfajiri wamepanga vinywa juu ya maji, wanatafuta pumzi: punguza chakula na ubadilishe maji siku hiyo hiyo. Kivuli cha mwarobaini ukikwepe, majani yake yakioza majini huwadhuru samaki. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika tano. Kipande cha ugali kinachoelea hadi jioni si ukarimu. Kambale huvumilia zaidi kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu, ila usiku wa mvua hutambaa nje, na wenzake wadogo huwameza. Kwa kuanzia, perege. Wakikuchosha, wale au mpe jirani, wala usiwatupe mtoni: sato hasa si mwenyeji wa mito yetu ya pwani, na akiingia huchanganyika na perege wa huku.

Limebaki jambo moja, nami nililiweka mwisho kwa kuwa si jepesi kwangu kulieleza. Wengi husema bwawa la juu ni salama kwa watoto kuliko la kuchimba, na ni kweli kwa kiasi: ukuta wa sentimita 90 humzuia mtoto atambaaye. Haumzuii mtoto wa miaka miwili mwenye kigoda. Jumamosi moja mke wangu alikuwa akichambua mchele barazani, akaingia ndani kupokea simu. Alipotoka, mtoto wa dada yangu alikuwa juu ya kigoda kile kile, tumbo juu ya ukingo, mikono majini, miguu imeshanyanyuka. Hakuita wala hakulia. Mke wangu alimshika kwa gauni.

Kesho yake nilimwita fundi wa kuchomelea. Alitengeneza fremu ya nondo yenye wavu wa chuma, matundu yasiyopitisha mkono wa mtoto, bawaba upande mmoja na kufuli upande wa pili. Ilinigharimu zaidi ya samaki wote niliowahi kununua. Ndugu yetu wa Temeke aiandike fremu hiyo juu kabisa ya orodha yake, kabla ya saruji, na kama fedha haitoshi vyote viwili, angoje.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutawajibu waliouliza kuhusu kupanda mboga katika magunia.